Mguu Usiouma

Mwaka wa kwanza, siku chache baada ya boom kuingia, nilishuka Karume nikanunua viatu vya mtumba. Vyeusi, ngozi halisi, ukivivaa unaonekana kama mtu aliyekwisha ajiriwa. Tatizo lilikuwa moja tu: vilikuwa namba 41, na mimi navaa 42. Muuzaji akanituliza, "Ngozi hiyo braza, itatanuka." Ngozi haikutanuka. Kilichotanuka ni kidole changu gumba cha mguu wa kulia.

Wiki ya tatu kucha ikaanza kuingia kwenye nyama. Rumeti wangu, ambaye ana dawa ya kila kitu, akanishauri niikate pembeni kwa wembe ili "ipumue". Nikakata. Siku mbili baadaye kidole kilikuwa kimevimba, kinang'aa, kinatoa usaha, na shuka tu likikigusa naruka. Nilikwenda zahanati nikiwa na raba mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Tabibu akanichoma sindano ya ganzi, akaondoa ule upande wa kucha uliozama, akafunga kidonda. Kisha akaniambia, "Kucha haipumui, kijana."

Nilikosa jaribio moja na nikachechemea wiki mbili. Nikatoka na somo nililodhani ni kamili: mguu ukiuma, nenda hospitali. Ilinichukua mwaka mmoja, na mguu wa mtu mwingine, kujua kwamba lile lilikuwa nusu tu ya somo. Nusu ya pili nitaieleza, lakini tuanze na matatizo tuliyonayo wengi hapa chuoni.

Kucha inayozama

Chanzo chake kwa kawaida ni viwili: viatu vinavyobana na namna tunavyokata kucha. Tukizungusha kucha ya mguuni kama ya mkononi, pembe inabaki fupi, na kucha inapokua inachoma nyama ya pembeni. Kata moja kwa moja, usiifuate duara ya kidole, na usichimbe pembeni. Ikianza kuuma kidogo, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, vaa viatu vya wazi siku chache, uone. Ukiona usaha, au uvimbe unaongezeka, acha wembe na uende. Kazi ile tabibu aliimaliza kabla sijamaliza kujuta.

Fangasi

Bafu la hosteli, soksi ambazo hazijakauka vizuri, raba zinazovaliwa tangu asubuhi mpaka usiku: fangasi hawahitaji mwaliko mwingine. Huanzia sana kati ya kidole cha nne na cha tano, ngozi inakuwa nyeupe, inalainika, inachubuka, inawasha. Krimu ya klotrimazoli inatibu wengi, lakini tunakosea sehemu moja: muwasho ukiisha tunaacha. Fangasi bado wapo. Endelea kupaka kama wiki mbili baada ya dalili kuondoka, na kausha katikati ya vidole kila unapotoka kuoga.

Tahadhari na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, ambazo watu wanaambiana "hii kiboko". Zinazima muwasho haraka, lakini chini kwa chini fangasi wanasambaa. Na fangasi wakishaingia kwenye kucha, krimu mara nyingi haifiki. Hapo vinahitajika vidonge, ambavyo kwa kucha za miguu hunywewa miezi kama mitatu, kwa hiyo ni vizuri kipimo kifanyike kwanza. Si kila kucha nene au ya njano ni fangasi. Halafu uwe na subira: kucha ya kidole gumba inachukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya yote.

Magaga na sugu

Ngozi ikisuguliwa au kukandamizwa inajikinga kwa kuwa nene. Hiyo ndiyo sugu. Ikikauka kisiginoni na kupasuka, ndiyo magaga. Dawa yake si kukata kwa wembe. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu baada ya kuoga, paka mafuta ya mgando, vaa soksi ulale. Kwa sugu, tafuta kwanza kiatu kinachoisababisha, la sivyo itarudi. Na kama unahudumiwa na wale vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha, nenda na vifaa vyako. Kifaa kilichokwangua miguu ya watu kumi leo kinabeba vya wote kumi.

Kisigino cha asubuhi

Unaamka, unakanyaga sakafu, na hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari. Ukitembea kidogo maumivu yanapungua. Mara nyingi huo ni uvimbe wa ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, unaoshikilia upinde wa wayo. Unawapata wanaosimama sana, walioongezeka uzito, na sisi tunaozunguka Mlimani siku nzima na ndala bapa. Nyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku, vaa kiatu chenye kisigino kidogo na soli inayokushika, viringisha chupa ya maji ya baridi kali chini ya wayo. Wengi hupona, ila kwa miezi, si kwa siku.

Kama maumivu yapo sehemu moja ya mfupa, panauma ukipabonyeza, na yanazidi kadiri unavyotembea, hilo ni jambo jingine. Huenda mfupa umepata ufa kutokana na kazi nyingi ya ghafla. Madaktari wa jeshi wanalijua hili tangu mwaka 1855, pale daktari wa Prussia alipoeleza miguu iliyovimba ya askari waliokuwa wakitembea gwaride. Waliopitia JKT watanielewa. Mfupa wenye ufa unataka kupumzishwa, kwa hiyo ule ushauri wa "kaza tu" unauumiza zaidi.

Funza

Anayekwenda fildi vijijini asisahau huyu. Kwa sisi wa Jiografia safari yake ni somo tosha: aliletwa Angola na meli kutoka Brazil mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima hadi pwani yetu. Vaa viatu vilivyofunika. Akiingia, atolewe na mtu mwenye kifaa safi kisichotumiwa na mwingine, kidonda kisafishwe, na uulizie chanjo yako ya pepopunda.

Simu ya bamdogo

Sasa nusu ya pili. Nilipokuwa mwaka wa pili tulikuwa na sendofu ya dada yangu. Baba mdogo, mdogo wake baba, alicheza kwaito tangu MC aliposhika maiki hadi muziki ulipozimwa. Alipofika nyumbani akakuta soksi imelowa damu. Ndani ya kiatu kulikuwa na kizibo cha soda. Alikuwa amekicheza usiku kucha bila kukihisi.

Siku mbili baadaye akanipigia. Ndivyo ilivyo kwenye familia zetu: ukishafika chuo, wewe ni daktari, mwanasheria na fundi wa simu. "Mwanangu, nina kidonda chini ya mguu," akasema, "lakini hakiniumi hata kidogo." Mimi, nikikumbuka kidole changu kilivyonitoa machozi, nikamjibu kwa uhakika kabisa: "Kama hakiumi bamdogo, hicho si kitu. Safisha na spiriti, kitakauka."

Nilijua ana kisukari. Nilijua tangu nikiwa sekondari. Sikujua tu kwamba kisukari na mguu vinahusiana.

Karibu wiki tatu baadaye mamdogo ndiye aliyesikia harufu. Walipofika hospitali uozo ulikuwa umeingia kwenye mfupa, na mguu ukakatwa chini ya goti. Bamdogo hajawahi kuitaja ile simu. Mimi naikumbuka neno kwa neno.

Nilichoelezwa baadaye ni hiki. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na huanzia mbali kabisa na moyo, kwenye vidole vya miguu. Mwanzoni mtu anahisi ganzi, au kama sindano, au moto usiku. Baadaye hahisi kitu. Wakati huohuo mishipa ya damu inaziba, kwa hiyo kidonda kinakosa damu ya kukiponya. Mwaka 2005 madaktari wa hapa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguuni na panya wakiwa wamelala. Mguu uliokufa ganzi haumwamshi mwenyewe.

Kwa hiyo maumivu ni mlinzi. Yanapopiga kelele yanakera, ila yakinyamaza ujue mlango uko wazi. Kwa mtu mwenye kisukari, kidonda kisichouma ndicho cha kukimbiza hospitali.

Kuna kingine kisichouma. Bob Marley, ambaye picha yake imebandikwa kwenye vyumba vingi vya hosteli, alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 tu. Saratani ya ngozi ilianzia chini ya kucha ya kidole gumba chake cha mguu, na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Sisi wenye ngozi nyeusi saratani ya aina hiyo hutupata kwa nadra, lakini ikitupata hupenda nyayo na kucha, mahali ambapo hatutazami. Mstari mweusi kwenye kucha mara nyingi hauna madhara. Ila kama ni mpya, uko kwenye kucha moja, unapanuka au umeingia kwenye ngozi, au kama kuna doa linalokua kwenye wayo, lionyeshe.

Usisubiri

Nenda leo, au kesho asubuhi, ukiona mojawapo ya haya:

- Kidonda, lengelenge au mpasuko wowote kwa mwenye kisukari, uume au usiume.
- Mguu wa mwenye kisukari umevimba na una joto kuliko mwenzake, hata kama hauna kidonda.
- Usaha, harufu mbaya, homa, au uvimbe unaopanda juu.
- Kidole kimekuwa cheusi au cha baridi.
- Umechomwa na msumari.
- Umeumia na huwezi kupiga hata hatua nne.

Panga siku ya kwenda, lakini usiipitishe, kama kidonda hakijapona kwa wiki mbili, fangasi hawasikii dawa kwa mwezi, kisigino kinakusumbua kwa miezi, au miguu inakufa ganzi bila sababu unayoijua.

Uende wapi

Wengi wetu hatujawahi kukutana na daktari ambaye kazi yake ni nyayo tu. Usimsubiri huyo. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kama una kadi ya bima, kazi yake ndiyo hii. Mwenye kisukari aende kliniki ya kisukari kwenye hospitali ya wilaya au mkoa. Mambo ya mifupa yanaweza kukupeleka hadi MOI pale Muhimbili. Kwa kucha na ngozi, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Na ukiingia chumba cha daktari, vua viatu bila kungoja kuambiwa. Mguu uliofichwa kwenye soksi hauonekani.

Kazi ya likizo

Ukirudi nyumbani likizo hii, mzazi mwenye kisukari mwombe akae, avue viatu, afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja au mbili tu, ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Usibonyeze wala kupapasa. Kila anapohisi aseme kulia au kushoto. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, mpeleke kliniki. Kipimo hiki kilibuniwa hospitali ya Ipswich, Uingereza, na hakihitaji hata senti.

Najua si rahisi kumwambia mzee, "Baba, nionyeshe nyayo zako." Sema shikamoo kwanza, kisha chuchumaa uanze. Mwambie pia akung'ute viatu kabla ya kuvaa, apime maji kwa kiwiko kabla ya kutumbukiza miguu, asitumie dawa za madukani za kuunguza sugu, na atazame nyayo kila siku. Asiyeweza kuinama atumie kioo au kamera ya simu.

Bamdogo anatumia kamera. Kila Jumapili ananitumia WhatsApp picha ya wayo wa mguu uliobaki, naikuza, natazama katikati ya vidole. Jumapili iliyopita hapakuwa na kitu zaidi ya magaga. Nikamwandikia apake mafuta, ila asipake katikati ya vidole. Akajibu, "Sawa daktari."

Nikamkumbusha kliniki ni Alhamisi, na kwamba mimi si daktari.