Muziki wa tabaka za sauti: waya wa Kairo ulitangulia Paris

Kijana anayechanganya sauti za ngoma, mvua na mashine kwenye kompyuta yake huambiwa mara nyingi kwamba hizo ni kelele za Wazungu. Historia inaonyesha jambo lingine.

Mwaka wa 1944, mjini Kairo, Halim El-Dabh, kijana Mmisri aliyesomea kilimo, aliazima kwenye studio ya redio mashine nzito ya kunasa sauti. Wakati huo sauti iliwekwa kwenye waya mwembamba wa chuma. Aliibeba mpaka kwenye sherehe ya zar, ambamo wanawake huimba na kupiga ngoma ili kumtuliza mtu anayesemekana kusumbuliwa na pepo.

Aliporudi studio, hakuacha nyimbo hizo jinsi zilivyo. Alichuja sauti za msingi, akabakiza zile nyembamba zinazoelea juu yake. Akaongeza mwangwi, na hata akasogeza kuta za chumba ili mwangwi ubadilike. Nyimbo zikageuka kuwa kama pumzi ndefu. Mwaka huohuo watu wa Kairo waliisikiliza kazi hiyo hadharani.

Miaka 4 baadaye, mwaka wa 1948, Pierre Schaeffer alirusha kwenye redio ya Ufaransa kazi zake za kwanza, moja ikiwa imetengenezwa kwa sauti za treni. Ndiye aliyeupa muziki huo jina na kuandika maelezo yake, kwa hiyo vitabu vingi vinaanzia kwake. Ile ya El-Dabh ilikuja kutolewa kwenye diski zaidi ya miaka 50 baadaye, tena kipande cha dakika 2 hivi tu. El-Dabh alifariki Marekani mwaka wa 2017, akiwa na miaka 96.

Muziki huu unatungwa namna gani? Mtunzi anaanza na rangi ya sauti, yaani kile kinachokufanya utofautishe likembe na filimbi hata zikipiga noti moja. Anaikata sauti, anaigeuza kinyumenyume, anaipunguza mwendo. Ukanda ukizunguka kwa nusu ya mwendo wake, sauti inashuka oktava moja, na kengele ndogo inalia kama kengele ya kanisa. Kisha anapanga tabaka: chini mngurumo mrefu, katikati melodi fupi inayorudirudi, juu sauti kavu zinazopita. Kazi ngumu ni kuondoa. Tabaka mbili za rangi moja zinamezana, na sikio halipati hata moja.

Kwetu Kongo, Mawangu Mingiedi alifikia jambo la karibu na hilo bila studio yoyote. Kundi lake, Konono N°1, lilipiga likembe mjini Kinshasa, lakini kelele za barabara zilifunika chombo hicho kidogo. Wakatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani na kutumia vipaza sauti vikubwa. Sauti ikatoka ikikwaruza. Badala ya kuisafisha, waliifanya sehemu ya muziki. Mwaka wa 2004 kampuni moja ya Ubelgiji ilitoa albamu yao Congotronics, na dunia ikashangaa. Mingiedi alifariki mwaka wa 2015.

Leo simu ya mfukoni inanasa sauti bila ile mashine nzito ya El-Dabh. Inaweza kunasa mashua za Ziwa Kivu, kinu cha unga, ao likembe la mzee wa kijiji. Lakini simu inapotea ao inaharibika, na mzee naye haishi milele. Anayetaka kutunga aombe ruhusa kwanza, aandike tarehe, mahali na jina la aliyepiga, kisha aweke nakala fasi ya pili. Kazi isiyotunzwa, hata ikitangulia, itaandikwa nyuma ya zile zilizotunzwa.