Je, Wajua? Chuo Kilichozaliwa Nyuma ya Jukwaa

Je, wajua kwamba jijini London kuna chuo kilichoanzia katika vyumba vya kuvalia vya waigizaji?

Vyumba hivyo vilikuwa katika ukumbi wa maigizo wa Old Vic, kusini mwa mto Thames. Ulifunguliwa mwaka 1818 ukiitwa Royal Coburg, na wenyewe walipenda mbwembwe: mwanzoni mwa miaka ya 1820 walitundika pazia la vioo 63, lenye uzito wa tani tano hivi, ili watazamaji wajione walivyoketi. Paa likaelemewa, pazia likaondolewa. La kukumbukwa zaidi ni la mwaka 1825. Ira Aldridge, kijana mweusi kutoka Marekani mwenye umri wa miaka 18, alipanda jukwaa hilo kuigiza katika mchezo unaohusu uasi wa mtumwa, wakati Uingereza yenyewe ingali na watumwa katika makoloni yake.

Miaka ikapita, ukumbi ukachakaa, ukajulikana kwa ulevi na vurugu. Mwaka 1880 akatokea Emma Cons. Kazi yake ilikuwa kusimamia nyumba za wapangaji maskini, na alijua fika mishahara ya waume ilikoishia. Aliukodi ukumbi, akapiga marufuku pombe, akaweka kahawa, na mwezi Desemba akaufungua kwa burudani ambazo mtu angeweza kwenda na mke na watoto. Hasara ya mwanzo ilikuwa kubwa. Miongoni mwa waliouokoa alikuwa Samuel Morley, mbunge na tajiri wa viwanda vya nguo.

Mwaka 1882 ikaanza mihadhara ya sayansi kwa kiingilio cha peni moja. Na hapa ndipo Emma anaponivutia zaidi: wasikilizaji wake wafanyakazi walipoomba masomo ya kudumu, hakungoja jengo lipatikane. Vyumba vya kuvalia vikawa madarasa ya jioni. Mwaka 1889 madarasa hayo yakawa chuo rasmi chenye jina la Morley, kikipokea wanawake na wanaume kwa masharti yaleyale, jambo adimu enzi hizo. Virginia Woolf alifundisha hapo kabla hajatoa riwaya yoyote, na kuanzia 1907 muziki ulikuwa chini ya mtunzi Gustav Holst.

Je, wajua pia kwamba ukumbi huohuo wa kahawa ndio uliokuja kuwa makao ya Shakespeare? Emma alipofariki mwaka 1912, mpwa wake Lilian Baylis alishika usukani. Kati ya 1914 na 1923 zilichezwa humo tamthilia zote za Shakespeare zilizomo katika mkusanyo wa kwanza wa mwaka 1623. Waigizaji na wanafunzi walizidi kubanana, hadi miaka ya 1920 chuo kilipohamia barabara ya Westminster Bridge, mwendo mfupi kwa miguu. Kingali kinafundisha watu wazima huko hadi leo.