Mwembe wa Nyumbani na Adui Aliye Ndani ya Embe

Mwembe ni mti wa faida kwa mwenye nyumba: hutoa kivuli, matunda ya watoto, na fedha kidogo sokoni. Lakini kila msimu maembe mengi huoza chini ya mti, na mwenyewe husema, "Ni bahati mbaya." Sivyo, ni kazi ya nzi.

Tuanze na upandaji. Mti uliooteshwa kwa kokwa hukawia miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na huenda matunda yake yasifanane na ya mama yake. Yafaa kununua mche uliounganishwa, yaani shina la mwembe wa kienyeji lililotiwa kitawi cha mwembe mzuri, kama Ngowe au Apple. Huo huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4.

Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande. Udongo wa juu uuchanganye na debe la samadi iliyooza vizuri, kisha uurudishe shimoni. Panda mvua zinapoanza. Mahali palipounganishwa pasifukiwe, na chipukizi litokalo chini ya hapo likatwe mara moja. Ukipanda miembe miwili, iachane futi 30. Zungushia mche miiba, mbuzi wasiule. Maua ya miaka 2 ya kwanza uyaondoe, ili mti upate nguvu.

Sasa habari za nzi. Nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya embe, embe huanguka, nao huingia ardhini na kugeuka kuwa nzi tena. Kwa ajili yake Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, hata 2021 ndipo yakaanza kwenda tena.

Basi embe lililoanguka usiliache chini. Okota kila siku, uyafukie yote kwa kina cha futi 2, na kushindilia udongo juu yake.

Tena zungumza na jirani yako afanye vivyo hivyo. Nzi hajui mpaka wa shamba. Ukiokota peke yako, wale waliokua kwake watakuja kwako kesho.