Bangi ya dukani: mnunuzi mgeni asome karatasi, si jina

Wafanyabiashara wa madini wa Arusha wanaopeleka tanzanite Bangkok wamekutana huko na biashara ambayo nyumbani ni kosa la jinai. Juni 9, 2022 Thailand iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya, na maelfu ya maduka yakafunguliwa, mengine jirani kabisa na mitaa ya vito. Juni 2025 serikali hiyo ikageuka na kuagiza kwamba maua ya bangi yauzwe kwa cheti cha daktari tu. Katika miaka hiyo mitatu wapo waliopata faida, wapo waliobaki na shehena mikononi, na wapo wageni walionunua wasichokijua.

Kwa mchuuzi na mwekezaji mdogo wa Arusha suala hili lina sura tatu: duka la ng'ambo linavyofanya kazi, sheria ya Tanzania inavyosema, na hisa za makampuni ya bangi zilivyowatenda walioziamini. Kosa linalomkuta mnunuzi mgeni dukani ndilo linalomkuta mwekezaji mgeni sokoni. Wote wawili hununua jina.

Duka lilivyo

Huko Marekani duka la aina hii huitwa dispensari, lakini si zahanati na aghalabu halina daktari. Jimbo la Colorado lilianza kuuza kwa watu wazima Januari 1, 2014, California Januari 1, 2018, na Canada ikafuata kwa nchi nzima Oktoba 17, 2018. Mnunuzi huonyesha kitambulisho cha umri mlangoni. Ndani hukuta mitungi ya maua makavu, mafuta, sigara zilizokwisha sokotwa, pipi na biskuti. Maua huuzwa kwa gramu, na kipimo cha kawaida huko ni gramu 3.5, yaani sehemu ya nane ya aunsi.

Katika soko lenye udhibiti mzuri kila pakiti hubandikwa karatasi yenye namba kuu mbili. Ya kwanza ni THC, kemikali inayolevya. Ya pili ni CBD, ambayo hailevyi. Huongezwa tarehe ya kufungashwa na namba ya shehena. Kabla ya kufika dukani shehena hupimwa maabara kwa ajili ya ukungu, metali na dawa za kuulia wadudu.

Mgeni anavyochagua

Muuzaji humwuliza mgeni maswali mawili: amewahi kutumia, na anataka nini. Mgeni asiyejua hujibu kwa kuomba iliyo kali kuliko zote, akidhani ukali ndio ubora, kama mtu anayenunua pilipili kwa ukubwa wa kikapu. Hapo ndipo hasara huanzia. Bangi iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya wastani wa asilimia 4 hivi. Ya dukani leo kufika asilimia 20 ni jambo la kawaida. Anayepima kwa kumbukumbu za zamani hupima kwa mizani isiyo yake.

Ushauri unaotolewa kwa mgeni katika masoko hayo ni kuchagua yenye THC ndogo, au yenye CBD inayokaribiana na THC, kununua kiasi kidogo kabisa, na kutochanganya na pombe. Vya kula vina hatari yake ya pekee. Moshi hufanya kazi ndani ya dakika chache, lakini pipi au biskuti huchukua nusu saa hadi saa mbili. Mgeni huona kimya, akaongeza ya pili na ya tatu, kisha zote zikamfikia kwa pamoja na kumshika kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo Colorado iliweka kipimo kimoja cha kula kuwa miligramu 10 za THC, na Canada ikaweka miligramu 10 kuwa kikomo cha pakiti nzima. Wanaoanza hushauriwa miligramu 2.5 na kusubiri. Mwenye mimba, kijana ambaye ubongo wake bado unakua, mwenye historia ya maradhi ya akili katika ukoo na anayekwenda kuendesha gari hushauriwa kuacha kabisa.

Jina lisilo na dhamana

Mitungi hubandikwa maneno mawili ya kale. Sativa ni jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753, na indica likatolewa na Lamarck mwaka 1785 kwa mmea uliotoka India. Wauzaji husema sativa huchangamsha na indica hulaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wataalamu wa Canada, waliochunguza vinasaba vya sampuli nyingi, ulionyesha kwamba maneno hayo huendana na ukoo halisi wa mmea kwa kiasi tu, na kwamba sampuli zenye jina moja mara nyingi hazikuwa ndugu wa karibu. Linalomweleza mnunuzi ni vipimo vya THC na CBD, na kwa kiasi fulani mafuta ya harufu yaitwayo terpini.

Majina ya Kiafrika nayo yamo: Durban Poison na Malawi Gold hutajwa katika maduka ya Marekani. Wakulima wa Durban na wa Malawi ambako mbegu hizo zilianzia hawalipwi senti kwa jina hilo.

Mfanyabiashara wa Arusha anaweza kulinganisha na kahawa. Jina la Kilimanjaro huuza kahawa ya Tanzania huko Japani, lakini mnunuzi wa mnada wa Moshi hatoi fedha kwa jina peke yake. Punje hupangwa kwa ukubwa na umbo, AA, A, B na PB, kisha kahawa huonjwa na kupewa daraja. Jina huvuta mteja, ila bei huamuliwa na daraja.

Nyumbani Arumeru

Arusha haina duka hata moja la halali. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 hukataza kulima, kuwa na, kuuza na kusafirisha bangi. Kusafirisha huleta kifungo cha miaka 30, na kwa kiasi kikubwa kifungo cha maisha. Anayerudi kutoka Bangkok au Denver na pipi moja iliyosahaulika mkobani, akashuka nayo uwanja wa KIA, hawezi kujitetea kwa risiti ya duka lenye leseni. Leseni ile huishia mpakani mwa nchi iliyoitoa.

Pamoja na hayo, miteremko ya Mlima Meru ina historia ndefu ya zao hili. Kisimiri, wilayani Arumeru, imetajwa mara nyingi katika operesheni za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ikiwamo ya mwaka 2023 ambapo mashamba yalifyekwa na magunia kuteketezwa. Sababu ya wakulima kuvutwa ni ya kibiashara. Nyanya za Ngarenanyuki zikichelewa barabarani siku mbili huoza kabla ya kufika soko la Kilombero. Bangi kavu ni nyepesi, haiozi upesi, na mnunuzi huifuata shambani.

Hesabu hiyo huacha gharama moja nje, nayo ni hatari. Mkulima ndiye asiyeweza kukimbia na shamba lake. Zao likifyekwa amepoteza msimu, na akikamatwa familia imepoteza nguvu kazi kwa miaka. Mchuuzi wa kati, anayebeba faida kubwa zaidi, mara nyingi hayupo siku hiyo. Anayemkopesha mkulima wa zao hili, au kumkodishia shamba huku akijua, naye ameingia katika shauri.

Husemwa pia mitaani kwamba Tanzania itafuata majirani, hivyo anayeanza mapema atatangulia. Ni kweli Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria mwaka 2020, na mwaka huohuo Rwanda ikaridhia kilimo cha bangi ya dawa kwa kuuza nje tu. Lakini mipango hiyo inataka leseni, ulinzi wa shamba, maabara na mnunuzi wa ng'ambo aliyekwisha saini mkataba. Hayo ni mambo ya wenye mitaji mikubwa. Mkulima wa robo ekari hana nafasi humo, hata sheria ikibadilika.

Hisa zilivyopanda na kushuka

Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni ya bangi. Wenye fedha ng'ambo wamejaribu New York na Toronto. Mfano unaofundisha ni Tilray ya Canada. Hisa zake ziliuzwa kwa mara ya kwanza Nasdaq Julai 2018 kwa dola 17. Septemba 19 mwaka huohuo ziligusa dola 300 ndani ya siku moja. Mwisho wa 2019 zilikuwa zimerudi kwenye dola 17 hivi, na mwaka uliofuata zikashuka chini zaidi. Aliyenunua kileleni alipoteza karibu yote, ingawa duka lilikuwa wazi na wateja walikuwapo.

Chanzo chake ni cha sokoni. Makampuni yalipanda kupita mahitaji, bei ya gramu ikaanguka, na bidhaa iliyokosa mnunuzi ikateketezwa. Kodi ya Canada ni dola 1 ya huko kwa gramu au asilimia 10, ile iliyo kubwa zaidi. Bei ilipozidi kushuka, dola ile ikawa sehemu kubwa ya pato. Wauzaji wa magendo, wasiolipa kodi, hawakuondoka.

Upatu wenye majani

Mbaya zaidi ilikuwa Juicy Fields ya Ulaya. Watu waliahidiwa kumiliki mmea wa bangi ya dawa kwa kuanzia euro 50, na faida ya asilimia 100 au zaidi kwa mwaka. Julai 2022 akaunti zilifungwa na wenyewe wakatoweka. Aprili 2024 polisi wa nchi kadhaa waliwakamata watuhumiwa, na Europol ikataja hasara ya takriban euro milioni 645. Walioingia mwanzo walilipwa kwa fedha za walioingia nyuma.

Wakazi wa Arusha wanaoikumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, wanaijua lugha ile: panda mbegu, subiri, vuna. Huko ng'ambo mbegu ilipewa jina la bangi.

Hivyo anayeletewa mkataba wa shamba la bangi, uwe wa Lesotho au wa Ulaya, adai mambo manne kabla ya kutoa shilingi: namba ya leseni inayoweza kuthibitishwa kwa serikali iliyoitoa, jina la mnunuzi wa mazao, hesabu zilizokaguliwa, na njia ya kutoa fedha yake bila kutafuta mwingine wa kumrithi. Likikosekana moja, fedha ikae mfukoni. Na anayeletewa mkataba wa shamba la Arumeru asidai chochote, kwani huo hauna karatasi ya kudai.