Kusi Likipanda Newala: Utabiri wa Kipupwe kwa Mkulima wa Mikorosho (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia ilihusu mvua za msimu, zile zinazoanza Novemba na kukoma Aprili, ambazo kwa mikoa ya Mtwara na Lindi ndizo mvua pekee za kulimia. Leo tunaingia katika kipindi ambacho wengi hudhani hakina cha kutabiriwa: kuanzia katikati ya Mei, mvua zikishaaga, hadi Julai, baridi inapokaza. Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam, atakuambia huo ni wakati wa ukavu na upepo, basi. Mtu wa Newala hatakubali. Huko kwenye uwanda wa Makonde, mwanzo wa kipupwe ndio wakati hali ya hewa inapokuwa na vigeugeu zaidi kwa siku hadi siku: leo ukungu hadi saa nne asubuhi, kesho jua kali, keshokutwa manyunyu yanayolowesha majani bila kujaza hata kikombe. Ninachodai ni kwamba utabiri wa kipindi hiki, unaotolewa kwa mkoa mzima na kwa miezi mitatu kwa mkupuo, haumfai mkulima wa mikorosho hata pale unapokuwa sahihi. Anachohitaji ni utabiri wa siku tatu nne mbele, uliogawanywa kwa mwinuko wa ardhi.

Tuanze na upepo wenyewe. Mvua za msimu hutokana na ukanda ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Mwezi Mei ukanda huo unakuwa umeshavuka Ikweta kuelekea kaskazini, na nyuma yake kusi hutawala. Chanzo cha kusi ni eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa katika Bahari ya Hindi, mashariki na kusini-mashariki ya Madagaska, ambalo hupata nguvu kila majira ya baridi ya kusini mwa dunia. Hewa hutoka huko, hupita Madagaska na Mlango wa Msumbiji, na inafika pwani yetu ikiwa imebeba unyevu wa bahari. Unyevu huo lakini umo katika tabaka la chini tu. Juu yake, katika kimo cha kama kilomita 2, huwa pametanda hewa kavu na yenye joto zaidi, inayozuia mawingu yasipande. Ndiyo maana kipupwe hakina ngurumo wala mvua kubwa. Mawingu yake ni mafupi na mapana, na yakitoa kitu, hutoa manyunyu.

Sasa mawingu ya aina hiyo hutegemea sana umbo la ardhi. Uwanda wa Makonde huanza chini karibu na Mtwara, ukapanda taratibu kupitia Nanyamba na Tandahimba, na kufikia kilele chake upande wa magharibi, Newala, zaidi ya mita 700 juu ya bahari, kabla ya kukatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Aliyesimama pale Shimo la Mungu anajua ukatikaji huo ulivyo. Hewa inayopanda hupoa kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 100 kabla haijageuka wingu. Alfajiri, joto la pwani likiwa limeshuka hadi kukaribia kiwango cha kutoa umande, hewa haihitaji kupandishwa mbali ili iwe wingu, na wingu hilo linaukuta mji wa Newala uko kimo kilekile. Kinachoitwa ukungu wa Newala mara nyingi ni wingu la kawaida ambalo mji umeingia ndani yake. Jua likishapasha nchi, kitako cha wingu huinuka juu ya mapaa na mji ukafunguka. Hewa ileile ikishavuka ukingo na kuteremka kuelekea Masasi, hupata joto na kukauka tena, na majabali ya Masasi yanapigwa na jua wakati Newala bado wanatembea na masweta. Nanganga nayo ina habari nyingine. Iko katika bonde la Mto Lukuledi, ambao unamwaga maji yake Lindi, na bonde hilo liko wazi kuelekea baharini, hivyo hewa ya pwani huingia kwa chini bila kulazimika kuupanda uwanda. Usiku, hewa baridi huteremka kutoka kwenye miinuko ya pande zote mbili na kutuama bondeni. Umande wa Nanganga na wa vijiji vya kuelekea Ndanda unaweza kuwa mzito asubuhi ambayo ukingoni Newala upepo umevuma usiku kucha na umande haukupata nafasi ya kukaa. Sehemu tatu hizi mtu anazimaliza kwa gari kabla ya chakula cha mchana, na bado taarifa ya redio huzijumuisha katika sentensi moja.

Pengine msomaji atasema: manyunyu yasiyojaza kikombe yana uzito gani hata yatabiriwe? Uzito wake uko kwenye mkorosho. Mvua zikikoma, mkorosho hutoa machipukizi mapya, na kuanzia Juni maua yanafuata. Ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ulitambuliwa nchini mwaka 1979, hushambulia viungo hivyo hivyo vichanga, yaani chipukizi, ua na tunda dogo. Vimelea vyake husafirishwa na upepo na hustawi hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Uzalishaji wa korosho nchini ulikuwa umefikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74; msimu wa 1986/87 ulikuwa umeanguka hadi chini ya tani 20,000. Ubwiriunga haukuwa sababu pekee, maana bei zilikuwa duni na Operesheni Vijiji ilikwishawahamisha watu mbali na mashamba yao, lakini watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele waliona kwamba bila kuudhibiti hakuna bei itakayoufufua mkorosho. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga. Kwa mwongozo wa muda mrefu, mti hupewa gramu 250 kwa mpulizo mmoja na kurudiwa baada ya siku 14. Kwa maneno mengine, mikorosho 100 humaliza mfuko wa kilo 25 asubuhi moja. Na salfa haiponyi ua lililokwisha kuugua. Hulinda lililo zima. Inatakiwa ikute majani yana umande ili ishike, na hewa imetulia ili isiende kwa jirani. Ikipigwa na manyunyu muda mfupi baadaye, inaoshwa. Kwa hiyo mtu wa blowa, yaani mashine ya kupulizia, ana saa chache tu, tangu alfajiri hadi saa mbili au tatu asubuhi, kabla jua halijaichanganya hewa na kuuteremsha upepo wa juu hadi kwenye matawi. Uamuzi wake wote ni wa saa na siku: nipulize kesho au ningoje Alhamisi?

Hebu tulinganishe uamuzi huo na anachopewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa Juni, Julai na Agosti, ukieleza kama mvua, joto na upepo vitakuwa juu ya wastani, vya wastani au chini ya wastani. Ni kazi ya kitaalamu, na kwa mpangaji wa umeme au wa maji ina maana. Lakini wastani wa mvua wa miezi hiyo kusini ni milimita chache tu kwa mwezi. Kuambiwa mvua itakuwa chini ya wastani, pale ambapo wastani wenyewe uko karibu na sifuri, hakumsogezi mkulima popote. Jambo linalouathiri mkorosho ni saa ambazo jani limebaki na unyevu, na hilo halipimwi na chombo cha mvua. Juni inaweza kupita bila hata milimita 5 na bado ikawa Juni mbaya kabisa kwa maua.

Kuna pingamizi ambalo husikika sana vijiweni, na lina nguvu yake: kama wataalamu walitutangazia kimbunga Kenneth Aprili 2019, shule zikafungwa Mtwara, watu wakahamishwa, halafu kikaingia Msumbiji, watawezaje kutuambia habari za manyunyu? Jibu langu ni kwamba Kenneth ni ushahidi wa upande wa pili. Kimbunga ni kitu kikubwa, kinaonekana kwenye picha za satelaiti siku kadhaa kabla, na kilichomtenganisha mkazi wa Mtwara na maafa yale yaliyoikumba Cabo Delgado ni umbali wa kama kilomita 200. Tahadhari ilikuwa sahihi hata kama nyumba zilibaki na mapaa yake. Wakazi wa Lindi walioguswa na kimbunga cha Aprili 1952 hawakuwa na tahadhari ya aina hiyo. Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024 nacho kilitangazwa mapema, na mvua zake zilikata barabara ya kusini. Cha kushangaza ni hiki: katika taaluma hii, kitu kikubwa hutabirika kwa urahisi kuliko kidogo. Wingu la manyunyu juu ya Newala ni dogo na fupi, na vyombo vyetu vingi havikutengenezwa kwa ajili yake.

Chukua rada ya hali ya hewa iliyoko Mtwara, ambayo ni hatua kubwa kwa kusini. Kutoka hapo hadi Newala ni takriban kilomita 120 kwa mstari mnyoofu. Mwali wa rada ulioinuliwa nusu nyuzi tu, ukijumlisha na mviringo wa dunia, utakuwa umefika karibu kilomita 2 juu unapopita Newala. Mawingu ya kipupwe, kama tulivyoona, huishia karibu kimo hicho. Rada inayakwangua utosi, au inayapita kabisa. Kwa Masasi, ambayo iko mbali zaidi, hali ni mbaya zaidi. Programu za simu, ambazo vijana wengi sasa wanaziamini kuliko redio, zina kasoro tofauti. Nyingi huchukua matokeo ya kompyuta za Marekani au za Ulaya, ambazo huigawa dunia katika vipande vya kama kilomita 13 au 9 kila upande. Ndani ya kipande kimoja cha namna hiyo, ukingo wa Newala na bonde lililo chini yake husawazishwa na kuwa mteremko wa wastani usiokuwepo duniani. Simu itaandika neno Newala juu ya utabiri, lakini kinachotabiriwa ni mahali pa kufikirika.

Wapo basi wanaosema tuwarudie wazee. Hapa tunapaswa kuchambua, maana dalili za jadi si za aina moja. Kilimia, nyota zinazopotea jioni mwanzoni mwa Mei na kuonekana tena alfajiri mwezi Juni, ni kalenda nzuri, lakini haina habari za mwaka huu. Huchomoza tarehe zilezile mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Mwembe unaotoa maua mapema unaeleza zaidi hali ya hewa uliyokwisha kuipitia kuliko ile ijayo. Dalili za upepo na mawingu ndizo zenye thamani. Mzee anayesema kwamba kusi likivuma usiku bila kutulia basi kutakucha na ukungu ukingoni anaeleza, kwa lugha yake, fizikia ileile niliyoieleza hapo juu. Upungufu wake ni muda: dalili hiyo humpa saa kumi au kumi na mbili, na mtu aliyetakiwa kukodi blowa na vibarua anahitaji siku tatu.

Siku hizo tatu zinapatikana, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kusi halivumi kwa nguvu ileile. Kila baada ya siku kadhaa, baridi inayotoka Bahari ya Kusini hupita Afrika Kusini, na nyuma yake mgandamizo wa hewa hupanda, kwanza Durban, kisha Maputo, kisha Beira. Msukumo huo husafiri kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji, na ukifika kwetu kusi huongezeka, tabaka la unyevu hunenepa na manyunyu huanza. Mgandamizo ni kitu ambacho kompyuta za dunia hukitabiri vizuri, kwa sababu ni kikubwa. Mtabiri akijua msukumo unafika Jumatano, hahitaji kompyuta imwonyeshe ukingo wa Newala. Umbo la uwanda halibadiliki, na yeye anajua hewa ikiongezeka kasi itafanya nini pale. Anaweza kuandika: Jumatano na Alhamisi, kuanzia Kitangari hadi Newala mjini, ukungu na manyunyu, upepo usiku, Masasi pakavu, upepo mkali kuanzia saa tatu, bonde la Lukuledi mawingu, umande kidogo, Jumamosi umande mzuri na utulivu kote. Huo ni ujumbe wa simu mmoja.

Itasemwa kwamba hakuna fedha za vituo vya kupimia hali ya hewa. Vituo vya kisasa ni ghali, kweli, lakini kinachokosekana hapa ni kidogo kuliko hivyo: kipima joto na unyevu, daftari, na mtu wa kuandika kila asubuhi saa ngapi majani yamekauka. Vyama vya msingi vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU viko karibu kila kata ya korosho, vina makarani, na vina namba za simu za wanachama. Wanaokataa zaidi watasema kwamba utabiri wa aina hii utakosea mara nyingi. Utakosea. Lakini mkulima aliyepuliza kwa kubahatisha naye hukosea, na kila kosa lake ni mfuko wa salfa. Utabiri unaofaulu siku saba katika kumi, mradi unasema wazi kwamba ni saba katika kumi, unamwachia mifuko ghalani. Kuhusu wanaodai kwamba tabianchi imebadilika kiasi kwamba hakuna kinachotabirika tena, inatosha kusema kwamba ukingo wa Newala haujahama na kusi bado linatoka kulekule.

Viongozi wa vyama vya msingi wa Masasi, Newala na Tandahimba wanaosoma safu hii waanze daftari hilo Mei ijayo, kabla ya chipukizi la kwanza, na walipeleke TMA na Naliendele mwisho wa Agosti. Wiki ijayo tutaangalia mvua za Oktoba zinazoikuta korosho ikiwa chini ya mti.