Friji iliponyamaza Magadi: piga hesabu kabla ya kufunga sola kwenye trela

Saa tisa usiku, Magadi. Nilikuwa nimejikunja kwenye kiti cha mbele cha pikapu nikasikia dirisha linagongwa.

"Kijana, friji imenyamaza."

Aliyegonga alikuwa mteja wetu wa kwanza kabisa, mzee mmoja aliyekuja kupiga kambi na wajukuu wake wawili. Ndani ya friji ya trela kulikuwa na nyama, maziwa na soda. Hizo si shida, nyama ikiharibika unalia kidogo na maisha yanasonga. Shida ilikuwa kiboksi kidogo cha insulini yake. Insulini na joto haviivani, na wewe unaijua Magadi: jua linakupiga kutoka juu, na ule mng'ao wa magadi ziwani unakupiga kutoka chini.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo, maana huenda hata wewe unapanga kitu kama hiki. Siku hizi vijana wengi Nairobi wanataka kutoka mjini wikendi, na trela ya kambi ni biashara inayovutia. Mimi niliacha kozi ya umeme mwaka wa pili karo ilipokwama. Binamu yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tukachukua mgongo wa pikapu nzee, tukaufanya trela: kitanda, kijiko cha gesi, taa na friji ndogo ya volti 12. Kazi ya umeme nikaachiwa mimi. "Si wewe ndiye msomi?" binamu akasema akicheka.

Msomi akaenda Luthuli Avenue na kosa lake mfukoni. Nilimwambia muuzaji, "Buda, nataka sola ya trela." Hakuniuliza trela inabeba nini. Mimi pia sikujiuliza. Nikatoka na paneli ya wati 100, betri ya maji ya ampea-saa 100, kontrola na inveta. Nikafunga, taa zikawaka, nikapiga picha, nikaposti. Nikajiona nimemaliza.

Hesabu niliyoiruka

Mtu wangu, kabla hujatoa hata shilingi, chukua daftari. Andika kila kitu kitakachotumia umeme, wati zake, na saa kitakazokaa kikiwaka kwa siku. Zidisha. Unachopata kinaitwa wati-saa, na hiyo ndiyo bajeti yako. Yetu, ambayo niliiandika baada ya aibu, ilikuwa hivi:

- Friji ya wati 45. Kwenye joto injini yake inazunguka karibu saa 12 kati ya 24: wati-saa 540.
- Taa tatu za wati 5, saa tano: 75.
- Simu tano, kama wati-saa 15 kila moja: 75.
- Feni ndogo ya wati 15, saa nane za usiku: 120.

Jumla ni wati-saa 810 kwa siku.

Sasa angalia tulichokuwa nacho. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 kwa karatasi inabeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya maji hutakiwi kuishusha chini ya nusu, ukizoea kuimaliza kabisa unaiua mapema. Kwa hivyo mkononi una 600 tu. Paneli nayo, jua zuri la huku kwetu nililihesabia saa tano kamili kwa siku. Wati 100 mara tano ni 500, toa kama asilimia 30 inayopotelea kwenye joto, vumbi na waya, unabaki na 350.

Tunatumia 810, tunaingiza 350. Kila siku tunadaiwa 460, na akiba ni 600. Huhitaji digrii kuona kwamba usiku wa pili lazima giza liingie. Na ndivyo ilivyokuwa, usiku wa pili kamili.

Waya nazo zilikuwa zinaniibia

Kulikuwa na mwizi mwingine. Friji niliivutia umeme kwa waya ya milimita 1.5, ile ya taa za nyumba, kwa sababu ilikuwa imebaki mahali. Nyumbani kwenye volti 240 hiyo waya haina neno. Kwenye volti 12 ni hadithi nyingine, kwa sababu kazi ileile inahitaji ampea nyingi zaidi. Kutoka kwa betri hadi friji zilikuwa mita tano, kwenda na kurudi kumi, na njiani ilipotea karibu nusu volti. Friji nyingi za volti 12 hujizima zenyewe zikiona volti imeshuka. Betri yako inaweza kuwa bado na pumzi, lakini friji inaona kama imekufa.

Niling'oa hiyo waya nikaweka ya milimita 6. Upotevu ukashuka hadi karibu robo ya ule wa kwanza.

Na tukiwa kwa waya, fyuzi. Weka fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, si kule mwisho kwa friji. Waya ikichunika na kugusa chuma cha trela, betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mpigo. Waya itakuwa nyekundu kama ya jiko la umeme, na juu yake kuna godoro na mtu amelala. Fyuzi ni ya bei ya chini kuliko chochote kingine kwenye trela. Usiiruke.

Betri, paneli na maneno ya duka

Baada ya Magadi nilikaa miezi nikiweka akiba, kisha nikanunua betri ya lithiamu, ile inayoandikwa LiFePO4. Ya ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani kama 1,000. Bei yake inauma, sitakudanganya. Kama mfuko haujafika, betri za maji mbili bado zinafanya kazi. Lakini zikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, kwa hivyo ziweke kwenye kisanduku chenye tundu la kupumulia nje, si chini ya kitanda. Betri ya kuwashia gari usiiguse kabisa kwa kazi hii. Hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kubeba friji usiku kucha.

Paneli nilifikisha wati 300. Mara saa tano, toa asilimia 30, ni 1,050 kwa siku, na sisi tunatumia 810. Ile ziada ni ya siku za mawingu, na kama unapeleka watu Limuru au Nyahururu Julai, utaihitaji.

Ukienda dukani, beba futi ya kupimia. Jua kali likiwa juu, paneli nzuri ya ukubwa wa mita mraba moja inatoa kama wati 200. Ukionyeshwa "wati 400" inayotoshea kwapani, shukuru na uondoke.

Kontrola chukua ya aina ya MPPT ukiweza, inakamua zaidi kutoka kwa paneli ileile. Kwa wati 300 kwenye betri ya volti 12, ya ampea 30 inatosha. Hakikisha ina mpangilio wa aina ya betri yako, kwa sababu lithiamu na ya maji hazichajiwi sawa. Unapofunga, unganisha betri kwanza, paneli baadaye, ili kontrola ijue inafanya kazi na volti ngapi.

Inveta nayo ina siri. Hata kama hujachomeka kitu, yangu inakula karibu wati 10. Ukiiacha saa 24 ni wati-saa 240 zimepotea bure. Chaji simu kwa soketi ya USB ya volti 12, inveta iwashe kwa laptopu tu, kisha uzime. Na yule rafiki anayekuja kambini na birika la umeme la wati 2,000, mwonyeshe gesi.

Jambo la mwisho ni kivuli. Sisi sote tukifika kambini tunakimbilia chini ya mgunga. Mwili unafurahi, paneli inalia. Hata tawi moja likiangusha kivuli kwenye kona ya paneli, umeme unashuka sana. Mimi sasa paneli moja iko juu ya trela na nyingine inakunjwa, ina waya nene ya mita nane. Trela inakaa kivulini, paneli inakaa juani.

Jaribu nyumbani kwanza

Usiku ule Magadi tulifunga insulini kwenye mfuko usiopitisha maji, tukaizungushia taulo lililoloweshwa na kuitundika penye upepo. Alfajiri nikaendesha hadi mjini Magadi na mama mmoja wa duka akatuwekea kwenye friji yake bila kutulipisha. Mzee alimpigia daktari wake, akaambiwa arudi Nairobi siku hiyohiyo na anunue nyingine. Safari ikaishia hapo. Nilimrudishia pesa zote na nikalipia hiyo insulini. Wajukuu hawakunisemesha njia nzima, kutoka Magadi hadi Kiserian.

Kilichoniuma si pesa. Ni kwamba ningeweza kujua. Trela ilikuwa imekaa uani kwetu wiki mbili, na hakuna hata usiku mmoja niliowasha friji nikalala nayo.

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kufunga, washa kila kitu uani kwenu siku tatu mfululizo, usiku na mchana, kabla hujachukua hela ya mtu. Kila asubuhi pima volti na uandike. Kwa betri ya maji iliyopumzika, 12.2 ni nusu. Ukiona kila asubuhi namba inashuka kuliko ya jana, hesabu yako ina tundu, na ni afadhali ulione ukiwa karibu na kitanda chako.

Mwezi uliopita mzee alinipigia, anataka tena kwenda Magadi na wajukuu. Nilidhani ananitania. Akaniuliza swali moja tu: "Friji inalala macho sasa?"

Nikamtumia picha ya daftari. Siku tatu, namba hazishuki. Tunaondoka Ijumaa, na safari hii kiboksi cha barafu nacho kinakuja, ikitokea.