Fahamu: Innocent Bashungwa, mbunge wa Karagwe aliyepita wizara nyingi

Ni nani?

Mwanasiasa wa CCM, aliyezaliwa mwaka 1979. Aliingia bungeni mwaka 2015, akiwakilisha Karagwe, mkoani Kagera.

Alipita wapi?

Novemba 2018 Rais Magufuli alimteua naibu waziri wa kilimo; Juni 2019 akawa Waziri wa Viwanda na Biashara. Baadaye alishika habari na michezo, kisha TAMISEMI. Oktoba 2022 alihamia Ulinzi, 2023 Ujenzi, na Desemba 2024 Mambo ya Ndani. Hakukaa muda mrefu popote, hivyo ni vigumu kumpima kwa wizara moja.

Je, ndiye mbunge wa Murongo?

Hapana. Hapa wengi huchanganya, na si ajabu: Murongo, mji wa mpakani ng'ambo ya Kikagati ya Uganda, ulikuwa katika wilaya ya Karagwe hadi Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Lakini kibunge uko jimbo la Kyerwa. Tena mwaka 2015 Kyerwa nayo ilichagua Innocent: Innocent Bilakwate, pia wa CCM.

Kwa nini Murongo wamfuatilie?

Barabara ya Omugakorongo hadi Murongo huanzia Karagwe, na iko chini ya wizara ya Ujenzi, aliyoiongoza.